Pointi za Vigelegele

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nilijiwa na mabwana wawili waliovaa miwani nyeusi ndani ya nyumba, wakaniuliza kama nchi hiyo ipo. Nikawajibu haipo, na mimi sijawahi kufika. Wakasema vizuri sana, basi isimulie, ila usiitaje. Kwa hiyo sitaitaja. Mimi si mtu wa siasa. Mimi ni mpiga tarumbeta, na nimepiga tarumbeta kwenye uwanja wa ndege wa nchi hiyo isiyokuwapo hadi midomo imeota sugu.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Msafiri Mkuu. Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau, maana hakukaa nyumbani muda wa kutosha mtu kulikumbuka. Alisafiri kutafuta wawekezaji, akarudi. Akasafiri kuwashukuru wawekezaji hao kwa kumkatalia kwa heshima, akarudi. Akasafiri kuhudhuria mkutano wa kupunguza safari za viongozi, na huko akakawia, kwa sababu mjadala ulikuwa mzito na hoteli ilikuwa na bwawa. Shirika la ndege la taifa lilikuwa na ndege moja tu, nayo ilikuwa naye daima. Ukiuliza ndege iko wapi, unaambiwa iko kazini.

Sasa, kwa mila za nchi hiyo, mkubwa haondoki kimyakimya kama mwizi wa kuku. Huagwa, na akirudi hupokewa. Shule zinafungwa, soko linafungwa, sisi wa beni tunapanga mstari na tarumbeta na ngoma zetu, na akina mama wanapiga vigelegele tangu mlango wa gari mpaka ngazi ya ndege. Hapo mwanzo kila aliyekuja kuaga alipewa soda, mkate na fulana yenye picha ya Msafiri Mkuu akipunga mkono. Baadaye soda ikawa ya watu wawili. Baadaye tena mkate ukawa unaonyeshwa tu. Mwishowe Hazina ikasema fulana zimekwisha, na watu wakaanza kuumwa kila siku ya kuaga: huyu mgongo, yule jino, yule kafiwa na shangazi ambaye tulikwisha kumzika mara tatu.

Hali ikawa mbaya. Siku moja Msafiri Mkuu alishuka kwenye ndege akapokewa na sisi wa beni, mbuzi wawili waliokuwa wakila nyasi za uwanja, na mwanamke mmoja aliyekuja kuwatafuta mbuzi wake. Msafiri Mkuu alipunga mkono hivyo hivyo, lakini niliona wazi ameumia moyoni.

*

Ndipo Mheshimiwa Ngaruma alipopata wazo. Huyu alikuwa Waziri wa Safari, Mapokezi na Vigelegele, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kipaza sauti, hata chumbani kwake alisema kama yuko mkutanoni. Aliwahi kupanda ndege ya watu huko ng'ambo, akapewa kadi. Akaambiwa: Mheshimiwa, ukiruka nasi mara nyingi utapata pointi, na pointi zikijaa utapata tiketi ya bei nafuu, pengine ya bure. Wasiwasi ukamshika. Bure? Yeye alidhani bure ni ya mawaziri peke yao.

Akarudi akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Wenzetu mtu akipanda ndege anapewa pointi. Sisi tukajiuliza, tukaunda tume, tume ikasafiri, tume ikarudi. Tume inasema hivi: je, mwananchi asiyepanda ndege ana kosa gani? Anyimwe pointi kwa sababu tu hapandi? Huo ni ubaguzi! Hapa kwetu pointi atapata anayeaga! Leo unamwaga mwenzio, kesho unaagwa wewe! Aga uagwe!"

"Aga uagwe!" tukaitikia.

"Kila mwananchi ataiona ng'ambo!"

Wacha makofi yapigwe! Mimi nilipuliza tarumbeta huku machozi yananitoka, maana katika maisha yangu sijapanda kitu kirefu kuliko ngazi ya kupakia chokaa.

Viwango vikabandikwa kila ukuta. Kusimama juani, pointi moja. Kupeperusha bendera, mbili, kama bendera ni yako. Kuzimia kwa kiu, tatu, ila sharti uanguke kichwa kikielekea ndege. Kigelegele kimoja kilichonyooka, kumi. Ili haki itendeke, serikali ikaagiza ng'ambo mashine ya kupimia vigelegele, yenye mshale na taa nyekundu, kwa fedha ambazo wabaya wanasema zingenunua ndege ya pili. Mimi si mtu wa siasa. Tiketi moja ya kwenda na kurudi ng'ambo ilikuwa pointi elfu arobaini.

Tangu siku ile hakuna aliyeumwa tena jino.

*

Mtaani kwetu, mtaa wa Chokaa, alikaa mama mmoja aitwaye Bi. Siwema. Mjane, mfupi, mwenye mikono kama ya mkanda unga, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kukanda, ila yeye alikanda wazazi. Mwanamke akijifungua, Bi. Siwema anaitwa. Anakuja na maji ya moto, majani yake na kitambaa kizito, anamkanda mzazi mpaka mifupa irudi mahali pake, anamfunga tumbo, anamnywesha uji wa pilipili manga na samli, na hamwachi mpaka arobaini itimie. Wanawake wote wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake. Na mtoto akitoka tu, kigelegele cha kwanza kilikuwa chake. Hicho kilipanda juu ya mapaa kikafika mpaka sokoni, na wanawake popote walipo, awe mtu ameshika mwiko au yuko chooni, walikiitikia. Ndiyo mila yetu. Kigelegele hakiachwi peke yake.

Lakini kumpigia mkubwa alikataa katukatu. "Kigelegele si mate ya kutema ovyo," alizoea kusema. "Mimi nampigia aliyezaliwa na aliyeolewa. Huyo bwana amezaliwa zamani."

Sasa binti yake wa pekee, Mwatumu, alikuwa ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, kaolewa huko huko. Miaka ikapita hapati mtoto, mama mtu anaomba dua mpaka magoti yanauma. Siku moja simu ikaja. Mimi nilikuwapo barazani, nimekwenda kuomba kibiriti.

"Mama, nina mimba ya miezi mitatu."

Bi. Siwema akakaa chini pale pale alipo, juu ya ungo wa mchele.

"Alhamdulillahi! Na nani atakukanda, mwanangu?"

"Huku hawakandi, mama. Ukijifungua unapewa chai na biskuti, unaambiwa kaoge, kesho yake unarudi nyumbani."

"Kaoge maji gani?"

"Ya bombani."

"Ya baridi? Mzazi?" Bi. Siwema alishika kichwa kama aliyeletewa taarifa ya kifo. "Na huyo mumeo?"

"Mama, huyo hata kitambaa cha kufutia meza hajui kukikamua."

"Hapana. Wana wa watu wote nimewakanda kwa mikono hii, halafu wangu aoge maji ya bombani? Nakuja. Sijui kwa njia gani, ila nakuja."

Tiketi ya kununua ilikuwa ghali kuliko nyumba yake na za majirani wawili. Akamaliza simu, akanitazama. "Wewe wa tarumbeta," akasema, "hizo pointi zenu ni za kweli?"

Nikamwambia ni za kweli, nimezisikia kwa Waziri mwenyewe. Mungu anisamehe, niliamini.

*

Juma lile lile Msafiri Mkuu alikuwa anakwenda kufungua daraja la watu wengine. Tukajipanga, na mara nikamwona Bi. Siwema mstari wa mbele, kanga mpya, kiuno kimefungwa, na shoga yake Mama Kidawa ubavuni.

"Ee! Bi. Siwema, nawe leo umekuja kwa mkubwa?"

"Nyamaza, puliza bati lako," akanijibu. "Mimi nimekuja kwa mjukuu."

Msafiri Mkuu akashuka garini. Bi. Siwema akainua uso, akatoa kimoja. Nakwambia, mshale wa mashine ulikwenda mpaka mwisho ukatetemeka pale, taa nyekundu ikawaka, na fundi aliyekuja na mashine akavua kofia. Wanawake wote wakaitikia. Msafiri Mkuu, aliyezoea vigelegele vya njaa, alisimama katikati ya zulia akageuka nyuma kuona nani anayepokewa.

Baada ya hapo hakukosa hata safari moja. Mvua ilimnyeshea, jua lilimwunguza, sauti ikamkauka akawa anakunywa asali na tangawizi, tena ya mfukoni mwake. Sisi sote mtaani tukawa tunazifuata pointi zake kama mpira. Ukipita dukani unasikia: "Bi. Siwema kafika ngapi?" Na tukaanza kuwa na tabia ambayo naisema kwa aibu: Msafiri Mkuu akikaa nyumbani siku nne tu, tunanung'unika. "Mbona hatoki huyu? Hana mwaliko? Hakuna mtu aliyekufa huko nje akamzike?" Msikitini na kanisani watu waliomba rais wa nchi fulani afunge ndoa. Magazeti ya serikali yakaandika kwamba wananchi wanaziunga mkono safari kwa asilimia mia moja, na kwa mara ya kwanza hayakusema uongo.

Mimba ikafika mwezi wa nane. Bi. Siwema akaenda ofisi ya pointi kuuliza, nami nikamsindikiza. Dirishani alikaa kijana mmoja mpole, Hamdu, aliyevaa tai yenye picha ya ndege.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekaribia elfu arobaini. Nikifikisha, nasafiri siku gani?"

"Siku yoyote, mama. Isipokuwa siku Msafiri Mkuu yuko nje, kwa sababu ndege anayo yeye."

"Na akiwa nchini?"

"Akiwa nchini ndege inapumzika."

Bi. Siwema akafikiri. "Hebu nieleweshe, mwanangu. Hayupo, ndege haipo. Yupo, ndege inalala. Sasa mimi napanda lini?"

"Ile ile siku anayoondoka," Hamdu akajibu, akashusha sauti kidogo. "Msafara una viti vya mashemeji wa mawaziri, na kuna kimoja cha nyuma karibu na choo ambacho shemeji hakitaki. Mwenye elfu arobaini anapewa hicho. Pointi zinalipia kiti. Mkanda wa kiti, hewa ya ndani, ngazi ya kupandia na ya kushukia utalipa taslimu."

"Ngazi ya kushukia nitaruka."

"Au chukua ndoo, mama. Kwa pointi mia mbili tu."

Ilikuwa ndoo ya plastiki nyekundu yenye picha ya ndege inapaa. Wananchi wengi walichoka kungoja wakachukua ndoo. Mimi mwenyewe ninayo. Ni ndoo nzuri, haivuji sana.

"Ndoo ninazo nne," Bi. Siwema akasema. "Nipe hicho kiti cha chooni."

Hamdu akapiga hesabu zake, akatabasamu. "Umebakiza kumwaga mara moja tu, mama. Aondoke mara moja tu."

*

Kumbe naye Msafiri Mkuu akachagua kipindi hicho hicho kuumwa.

Redio ikatangaza kwamba kiongozi wetu mpendwa amepatwa na maradhi ya tumbo baada ya dhifa, na kwamba anakwenda kutibiwa ng'ambo, kwa kuwa hospitali zetu ni nzuri mno na hakutaka kuzichosha. Wananchi wote waje uwanjani mara moja. Bi. Siwema alikuwa na mzigo wake tayari mlangoni: chupa ya samli, pilipili manga, majani, vitambaa. Siku hiyo binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na simu ilikuwa imekaa kimya. Akaiweka kifuani, ndani ya kanga, akaubeba mzigo akaja.

Mchana kweupe, jua la utosini. Mheshimiwa Ngaruma akapanda jukwaani na suti nyeusi.

"Ndugu wananchi! Leo ni siku ya simanzi. Vigelegele marufuku! Makofi marufuku! Tarumbeta ielekezwe chini! Leo yanapimwa machozi. Chozi moja, pointi ishirini!"

Makarani wakapita mistarini na vipande vya pamba, wanatugusa mashavu. Mama Kidawa alikuwa na kitunguu kwenye pindo la kanga, akapata pointi mia kwa dakika chache. Bi. Siwema hakuhitaji kitunguu. Alilia kweli, machozi yanafuatana, kwa sababu binti yake alikuwa kwenye uchungu peke yake katika nchi ya watu na yeye yuko hapa analilia tumbo la bwana mwingine. Karani mmoja alimaliza pamba kwake, akaenda kuomba nyingine. Mashine ya vigelegele ilikuwa pembeni inawaka hivyo hivyo, maana fundi alikwisha rudi kwao na hakuna aliyejua inazimwaje.

Machela ikatokea. Askari wanne wameibeba, Msafiri Mkuu amelala amefumba macho, shuka imemfika kidevuni. Kimya. Kimya cha kusikia nzi.

Hapo ndipo simu ilipotetemeka kifuani mwa Bi. Siwema. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Aliinama akajifunika kanga kichwani, akaisikiliza. Sauti ya Mwatumu ilitoka ndogo, imechoka, lakini mimi niliisikia.

"Mama. Wa kike. Sote wazima."

Sasa mwanamke huyu amepiga kigelegele cha kila mtoto aliyezaliwa mtaa wa Chokaa kwa miaka yote ile. Ungetaka afanye nini? Aulize ruhusa? Alitupa kanga mabegani, akainua uso mbinguni, akakiachia. Jamani! Sijasikia kingine kama kile, na sidhani kama nitasikia. Kilikuwa na njaa ya miaka ndani yake, na dua, na magoti yote yale. Mshale wa mashine ulikwenda mwisho, ukapita mwisho, ukachomoka.

Na kigelegele hakiachwi peke yake. Uwanja mzima wa wanawake, na machozi yao mashavuni, wakaitikia. Hawakukusudia, mila iliwakamata midomo. Wakiitikia wao, ngoma zikalia. Ngoma zikilia, na mimi mkono uliinuka wenyewe, nikapuliza ule wimbo wa kumtoa bi harusi ndani. Askari wanne wa machela wakaanza kuchezesha mabega. Na Msafiri Mkuu, masikini, kwa mazoea ya miaka mingi, akatoa mkono nje ya shuka akapunga.

*

Kesi ya Bi. Siwema ilisikilizwa pale pale, kwenye chumba cha wageni mashuhuri, kwa sababu kilikuwa na feni.

"Ulifurahi?" hakimu akamwuliza.

"Nilifurahi mno, baba."

"Uliufurahia ugonjwa wa Msafiri Mkuu?"

"Ugonjwa gani? Nimepata mjukuu."

Hakimu akatazama vitabu vyake. Akasema mjukuu aliyezaliwa nje ya mipaka hatambuliki kisheria, kwa hiyo kigelegele kile hakikuwa na sababu nyingine isipokuwa ugonjwa. Sheria inasema mtu anayefurahia msiba wa taifa afukuzwe nchini, atengwe na mtaa wake na vipenzi vyake, akateseke ugenini. Wakapigia simu nchi jirani zote. Zote zikakataa, zikasema zina wapiga vigelegele wa kuwatosha. Ikaonekana mfukuzwa hupokewa tu penye ndugu yake.

"Una ndugu ng'ambo?"

"Ninaye binti, aliyejifungua leo."

"Basi utapelekwa huko huko, kwa ndege ya kwanza, tena ndege ya watu, ili uone uchungu. Una la kujitetea?"

Bi. Siwema akafuta macho. "Mzigo ni kilo ngapi?" akauliza. "Kuna samli."

Viza ilitoka saa ile ile. Wenzetu wa ng'ambo mtu akiwaambia nataka kuja kumkanda mwanangu, wanamwomba vyeti vya babu yake. Ila akiwa amefukuzwa wanamwekea na maua. Serikali ikalipa tiketi taslimu, kwa sababu ndege za watu hazijui pointi zetu. Akapewa kiti cha dirishani ili aitazame nchi ikipotea na ajute. Wakati anapekuliwa, simu yake ikalia, ujumbe kutoka ofisi ya pointi: Hongera, mteja wetu! Kwa kigelegele chako cha leo umefikisha elfu arobaini. Karibu uchukue kiti chako cha nyuma. Askari aliyekuwa anampekua alisoma akacheka mpaka akakaa.

Sisi wa mtaa wa Chokaa tulikwenda kumwaga. Hapakuwa na mashine wala karani, na hakuna aliyetuita. Mama Kidawa akamshika mikono yote miwili akalia bila kitunguu. "Nenda kamkande mwanetu, shoga. Mkande barabara." Alipoanza kupanda ngazi, Mama Kidawa akapiga kimoja, nasi tukaitikia sote, na mimi nikapuliza mpaka pumzi ikaisha. Bi. Siwema akageuka ngazini. Hakupunga mkono. Alilia tu, akaingia.

*

Watu si wajinga. Kesho yake kituo cha polisi kilikuwa na foleni mpaka barabarani, kila mtu amekuja kuungama uhaini. Mmoja amefurahia ugonjwa, mwingine ameuota, mwingine ana shangazi ng'ambo na anaomba afukuzwe pamoja na watoto sita. Serikali ikashtuka. Mheshimiwa Ngaruma akatangaza utaratibu mpya kwa maslahi ya umma: uhaini wa kufukuzwa nchini sasa ni wa mwenye pointi elfu arobaini. Chini ya hapo ni jela ya kawaida au ndoo. Mimi nilijaribu. Nilimtukana Msafiri Mkuu mbele ya karani, tusi nililolitafuta siku mbili. Karani akalipima akaniambia ni la kiwango cha ndoo.

Sasa sikiliza kilichotokea ng'ambo. Alinisimulia Bi. Siwema mwenyewe kwa simu.

Msafiri Mkuu alikuwa amelazwa katika nchi ile ile ya baridi. Akapona, akafungasha, akafikishwa kwenye ngazi ya ndege, mguu ukagoma. Hakuna vigelegele. Hakuna hata bendera ya wenyeji, maana kwao mgonjwa haagwi kwa gwaride. Alisimama pale chini, mguu mmoja hewani, kwa kuwa maisha yake yote ya utawala hakuwahi kupanda ndege kimyakimya, na mwili ulikuwa haujui namna. Madaktari wakampima, wakasema hana ugonjwa. Wakamrudisha hotelini. Ubalozi ukatafuta wananchi wetu mji mzima waje kuaga. Wote wakasema wako kazini.

Basi jioni moja Mheshimiwa Ngaruma mwenyewe akagonga mlango wa Mwatumu, theluji mabegani, kadi ya dhahabu mkononi. Bi. Siwema alikuwa amemaliza kumkanda mzazi, chumba kinanuka samli na majani kama kwetu hasa, na mjukuu amempakata. Akamwelekeza Waziri avue viatu. Akavua.

"Bi. Siwema!" akaanza, kwa ile sauti yake ya mkutanoni. "Taifa linakuita! Umesamehewa! Kadi hii ni ya dhahabu, utasafiri nyumbani siku yoyote, kiti cha mbele, ngazi na hewa bure! Tunaomba kigelegele kimoja tu, Msafiri Mkuu apande ndege arudi kwa wananchi wake wanaomlilia! Kimoja tu! Nifungulie dirisha, hoteli iko ng'ambo ya barabara, atasikia—"

"Shsh!" Bi. Siwema akamkata. "Mheshimiwa. Mtoto amelala."

Waziri akamtazama yule mtoto, kidole chake kimeshika kanga ya bibi. Na mtu huyu ambaye hakuwahi kushusha sauti hata msibani, akanong'ona, "Samahani."

"Arobaini ikitimia tutazungumza," Bi. Siwema akanong'ona naye. "Ila hata hapo huenda nikawa bado namfundisha kulala."

Waziri akatoka kwa ncha za vidole, viatu mkononi.

Mpaka leo Msafiri Mkuu yuko hotelini anangoja kuagwa, na ndege inamngoja yeye. Huku kwetu hakuna safari, hakuna msafara, hakuna barabara inayofungwa. Shule zinafunguliwa kila siku. Juzi maji yametoka bombani, nikakinga ndoo yangu ikajaa. Hospitali imepata dawa, nasikia ni zile fedha za mafuta ya ndege. Mimi si mtu wa siasa, nasema nilichokiona.

Kila jioni simu ya Bi. Siwema ikiingia, mtaa mzima tunajaa barazani kwa Mama Kidawa. Mkuu wa soko, fundi baiskeli, Hamdu wa pointi na tai yake, sote. Mama Kidawa huiweka simu katikati, anatuonyesha kidole mdomoni, tunazuia pumzi.

"Haya shoga," ananong'ona. "Kalala?"

"Kalala."

Tunapumua. "Basi mlaze, Bi. Siwema," tunamnong'onea sote kwa pamoja. "Mlaze vizuri, mama. Usimwamshe."